Rimoti moja mkononi mwa mama: jinsi ya kuifundisha rimoti yunivasali kuendesha boksi la video

Nyumbani kwa mama, Kibosho, kulikuwa na rimoti nne juu ya meza ya sebuleni: ya TV, ya king'amuzi, ya sabufa, na ya boksi dogo tulilomfungia ili aangalie video za familia. Zote nyeusi, zote zimevalishwa nailoni, zote zina kitufe chekundu kwa juu. Diski iliyochomekwa kwenye boksi lile ina kipaimara cha wajukuu, harusi tatu na kwaya anazozipenda. Hata hivyo, Januari watu wakishatawanyika, wengine Dar, wengine Arusha, sisi tukishuka Moshi mjini, boksi halikuguswa tena mpaka Desemba nyingine. Si kwamba alilichoka. Aliogopa kubonyeza kisicho, TV ikabaki na skrini ya buluu, na hakuna mtu karibu wa kumrudishia.

Leo ana rimoti moja, na anaitumia vitufe tisa tu. Kuifikisha hapo kulinichukua Jumamosi mbili, na ya kwanza niliipoteza kwa sababu nilianzia dukani. Nilinunua rimoti kabla ya kujua boksi lenyewe linasikiliza nini. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzii dukani.

Boksi lako linasikia nini?

Rimoti huzungumza na kifaa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mwanga wa infraredi, ambao jicho la mtu haliuoni. Kitaa kidogo kwenye ncha ya rimoti huwaka na kuzima kwa kasi kubwa, mara nyingi 38,000 kwa sekunde, ingawa vifaa vingine hutumia 36,000 au 40,000. Kasi hiyo ndiyo inayokiwezesha kifaa kuutofautisha mwanga wa rimoti na ule wa jua au wa taa ya sebuleni. Njia ya pili ni redio, yaani Bluetooth au Wi-Fi. Rimoti yunivasali za bei ya kawaida ninazozikuta Moshi mjini huzungumza kwa mwanga tu. Kama boksi lako linasikia redio peke yake, rimoti hiyo hata uibonyeze mpaka kidole kiume, halitakuelewa.

Kujua ni rahisi. Washa boksi, shika rimoti yake ya asili, ziba ncha yake yote kwa kiganja, kisha bonyeza mshale wa chini. Alama kwenye skrini ikisogea kama kawaida, hiyo ni redio. Isiposogea, ondoa kiganja ujaribu tena. Ikisogea sasa, ni mwanga.

Kisha thibitisha kwa simu. Fungua kamera ya mbele, ile ya kujipiga picha, kwa sababu kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio kinachozuia infraredi. Elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera, bonyeza, na utaona kitaa kikimetameta kwa weupe au zambarau kwenye skrini ya simu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanabonyeza kitufe cha kuwasha, wanaona mwanga, wanaridhika. Zipo rimoti zinazotuma mwanga kwa vitufe vya kuwasha TV na vya sauti tu, huku mishale na OK vikienda kwa Bluetooth. Jaribu mishale. Mishale ndiyo itakayoendesha boksi.

Maboksi mengi ya Android yenye umbo la kisahani cha mraba yana jicho la infraredi kwa mbele, nyuma ya plastiki nyeusi. Apple TV nayo inalo. Vijiti vinavyochomekwa nyuma ya TV kama Fire TV Stick havina, na hata vingelikuwa nalo, vimejificha nyuma ya TV ambako mwanga haufiki. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ambayo wengi wetu huiwekea programu ya kuchezea video iitwayo Kodi, haina jicho pia, lakini unaweza kulifunga mwenyewe. Nitafika huko.

Jaribu kwanza kisichohitaji hela

Kabla ya kununua chochote, jaribu mambo mawili.

La kwanza ni waya wa HDMI wenyewe, ule unaounganisha boksi na TV. Ndani yake, pini ya 13 imetengwa kwa ajili ya vifaa kupeana amri, utaratibu unaoitwa CEC. Ukiwashwa, rimoti ya TV inaliendesha boksi: unabonyeza mshale, TV inapokea, halafu inaupitisha kwenye waya. Tatizo ni kwamba kila kampuni imeupa jina lake, na mtu anaweza kupita juu yake kwenye menyu asijue. Kwa Samsung tafuta Anynet+, kwa LG ni SimpLink, kwa Sony ni Bravia Sync, kwa Panasonic ni VIERA Link, kwa Philips ni EasyLink. Kwa TV nyingine angalia kwenye mipangilio sehemu ya HDMI au CEC. Washa, kisha nenda kwenye mipangilio ya boksi uwashe CEC huko pia. Zima vyote viwili ukutani, hesabu mpaka kumi, washa TV kwanza, halafu boksi.

Isipofanya kazi, badilisha waya kabla ya kukata tamaa. Nyaya nyingine za bei ya chini hazina uzi wa pini hiyo: picha inapita vizuri, amri hazipiti. Kwa Raspberry Pi 4, yenye matundu mawili ya HDMI, tumia lile lililo jirani na tundu la umeme. Na kuna TV ambazo hazina huduma hii kabisa. Ya mama ni mojawapo, ndiyo maana safari yangu iliendelea.

La pili ni kuangalia rimoti ya boksi lako. Nyingi za maboksi ya Android zina kisehemu kilichozungushiwa mstari, chenye vitufe vinne au vitano vilivyoandikwa TV, pamoja na kitufe cha SET. Watu wanakaa navyo miaka bila kuvigusa. Vitufe hivyo vinafundishika: vinaweza kunakili kutoka rimoti ya TV kuwasha, sauti na kubadili chanzo (kile kitufe cha SOURCE au INPUT). Rimoti ya boksi tayari inajua boksi, kwa hiyo ukiifundisha vitu vinne vya TV umemaliza kazi bila kutoa shilingi. Namna ya kufundisha ni ile ile nitakayoieleza hapo chini.

Ukienda dukani, uliza swali moja

Kwenye maduka ya elektroniki ya Moshi mjini, Double Road na kuzunguka Mbuyuni, utaonyeshwa rimoti za aina mbili, na muuzaji anaweza kuziita zote yunivasali. Ya kwanza ina orodha ya kodi ndani yake, yaani namba za kuitambulisha kifaa (si ile programu ya Kodi). Unaingiza tarakimu, mara nyingi tatu au nne, kutoka kwenye kijikaratasi, nayo inakuwa rimoti ya TV ya kampuni fulani. Ya pili ina uwezo wa kujifunza: unaiwekea rimoti ya asili uso kwa uso, inanakili kitufe kimoja kimoja.

Kwa TV, ya kodi inatosha. Kwa boksi la video, nunua inayojifunza. Orodha za kodi zimejaa TV za kampuni zinazojulikana, lakini maboksi ya Android yasiyo na jina kubwa ni nadra kuwemo. Hilo ndilo kosa la Jumamosi yangu ya kwanza: nilikaa na kijikaratasi mpaka jioni nikijaribu kodi moja baada ya nyingine, kwa kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha tangu mwanzo. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: "Hii inajifunza kutoka rimoti nyingine?" Mwambie akuonyeshe hapo hapo, na wewe nenda na rimoti yako ya boksi mfukoni. Wazo lenyewe si geni. Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alitoa rimoti ya kujifunza iliyoitwa CORE mwaka 1987.

Angalia pia umbo. Vitufe viwe vikubwa, vyenye mwanya kati yake, na mishale iwe imezunguka OK ili kidole kiipate gizani. Rimoti yenye vitufe 50 inavutia kwenye kioo cha duka, lakini inamrudisha mzee kule kule kwenye hofu. Kama una simu ya Xiaomi yenye kitaa cha infraredi kwa juu, inaweza kufanya kazi hii pia, ila ni rimoti yako wewe. Ukitoka na simu, nyumba imebaki bila rimoti.

Kufundisha, kitufe kwa kitufe

Kwanza, weka betri mpya kwenye rimoti zote mbili, na si ile mpya tu. Rimoti ya asili yenye betri chovu hutuma mwanga hafifu, na unachonakili kitakuwa kibovu moja kwa moja.

Kaa mbali na dirisha lenye jua, na zima taa za tyubu na zile za kubana matumizi. Jua limejaa infraredi, na taa hizo zinapepesa kwa namna inayoweza kuvuruga kujifunza. Mimi nilifanyia kazi hii kwenye korido ya nyumba ya mama, mchana, pazia limefungwa.

Zilaze rimoti mezani, ncha ikitazama ncha, umbali wa sentimita mbili hadi tano. Zikitofautiana unene, weka daftari chini ya iliyo nyembamba ili vitaa vitazamane sawasawa. Hili ni dogo, lakini ndilo lililoniondolea nusu ya makosa.

Chagua kwenye rimoti mpya kitufe cha kifaa unachotaka kutumia kwa boksi, kwa mfano DVD au AUX, uache TV kwa ajili ya TV. Shikilia SET, au kilichoandikwa LEARN, mpaka taa nyekundu iwake bila kuzima. Bonyeza kitufe unachotaka kukifundisha, tuseme mshale wa juu. Taa itaanza kupepesa au kubadilika, maana yake inasubiri. Sasa bonyeza mshale wa juu kwenye rimoti ya asili. Taa ikipepesa haraka mara chache au ikirudi kuwaka moja kwa moja, imepokea. Endelea na kitufe kinachofuata bila kutoka, kisha bonyeza SET ukimaliza. Rimoti hutofautiana kidogo katika tabia ya taa, kwa hiyo soma kijikaratasi chake na usikitupe.

Kubonyeza kwenyewe kuna ufundi. Gusa kitufe cha asili kwa muda mfupi, uachie, isipokuwa kama maelekezo ya rimoti yako yanasema ushikilie. Rimoti nyingi za maboksi hutumia lugha iitwayo NEC. Katika lugha hiyo amri kamili hutumwa mara moja tu, na ukiendelea kushikilia, kinachofuata kila baada ya milisekunde 110 hivi ni kialama kifupi kinachomaanisha "bado amebonyeza". Rimoti mpya ikinakili kialama hicho badala ya amri, itakuambia imepokea, lakini boksi halitafanya lolote.

Fundisha vitufe vitatu vya kwanza, kisha simama ujaribu. Juu, chini, OK. Vikifanya kazi, endelea na vilivyobaki. Vikigoma, umejua mapema kabla hujapoteza saa nzima.

Kuna dalili moja inayowachanganya hata mafundi. Unabonyeza chini, menyu inashuka. Unabonyeza chini tena, haishuki. Unabonyeza juu, inapanda, halafu chini inakubali tena mara moja. Rimoti haijaharibika. Baadhi ya vifaa hutumia lugha za RC-5 au RC-6, zilizoanzia Philips, ambazo hubadilisha alama moja ndogo ndani ya amri kila unapobonyeza upya, ili kifaa kijue kuwa umeachia na kubonyeza tena. Rimoti inayojifunza imenakili hali moja tu ya hiyo alama, kwa hiyo kila ukibonyeza, kifaa kinadhani hujaachia. Kufundisha upya hakutasaidia. Hapo ndipo njia ya kodi inapokuwa bora, kwa sababu rimoti iliyopewa kodi sahihi inaijua lugha nzima na kuibadilisha alama yenyewe.

Kama boksi lako ni Raspberry Pi

Boksi la mama ni Raspberry Pi yenye LibreELEC, mfumo mdogo unaowasha Kodi moja kwa moja. TV yake haina CEC, hivyo niliifungia jicho. Raha ya njia hii ni kwamba huhitaji kunakili rimoti ya asili: unachukua rimoti yoyote, kisha unaifundisha Pi kuielewa rimoti, badala ya kinyume chake.

Jicho lenyewe ni kifaa cha miguu mitatu, TSOP4838, kinachopokea mapigo ya 38,000. Zima Pi na uchomoe umeme. Ukikitazama kifundo chake kikikuelekea, mguu wa kushoto ni wa ishara, wa kati ni wa hasi, wa kulia ni wa chanya. Chanya uende pini ya 1 ya Pi, yenye volti 3.3. Hasi uende pini ya 6. Ishara iende pini ya 12, ambayo ndiyo GPIO 18. Fundi redio anaweza kukutolea jicho kwenye king'amuzi kilichokufa, lakini soma namba yake kwanza: TSOP1738 inafanana kwa sura, ila miguu yake imepangwa tofauti na inahitaji volti 5. Usiichomeke kwenye Pi kwa kubahatisha.

Chomeka kadi ya kumbukumbu kwenye kompyuta, fungua faili la `config.txt`, ongeza mstari huu mwishoni, uhifadhi:

`dtoverlay=gpio-ir,gpio_pin=18`

Rudisha kadi, washa Pi, ingia kwa SSH, njia ya kuiandikia Pi amri kupitia mtandao, kutoka kwenye kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao huo huo. Simamisha Kodi ili isikuingilie, kisha sikiliza:

`systemctl stop kodi`
`systemctl stop eventlircd`
`ir-keytable -p nec,rc-5,rc-6,sony -t`

Bonyeza vitufe kimoja kimoja. Kwa kila kimoja utaona jina la lugha na namba inayoanza na 0x. Ziandike kwenye karatasi pembeni ya jina la kitufe. Usipoona kitu, rimoti yunivasali imewekwa kwenye kodi ya lugha ambayo Pi haijaambiwa kuisikiliza, kwa hiyo ipe kodi ya TV ya kampuni nyingine ujaribu tena. Chagua kodi ya TV ambayo haimo nyumbani mwenu, la sivyo ukishusha menyu, TV nayo itaitikia.

Kisha tengeneza faili `/storage/.config/rc_keymaps/mama.toml`, ukiweka namba zako badala ya hizi:

`[[protocols]]`
`name = "mama"`
`protocol = "nec"`
`[protocols.scancodes]`
`0x46 = "KEY_UP"`
`0x15 = "KEY_DOWN"`
`0x40 = "KEY_OK"`

Ongeza `KEY_BACK` ya kurudi nyuma na `KEY_PLAYPAUSE`, pamoja na kushoto na kulia kama utavihitaji. Mwisho, ndani ya `/storage/.config/rc_maps.cfg` andika mstari mmoja, `* * mama.toml`, na uwashe Pi upya.

Usikipe kitufe chekundu kazi ya kuizima Pi. Pi ikishazimwa kabisa, jicho hilo haliwezi kuiamsha, na mama atabaki anabonyeza bila jibu. Iache ikiwaka, izimwe TV tu. Inakula umeme kidogo, na umeme wa nyumba ukikatika kisha ukarudi, inajiwasha yenyewe mpaka kwenye Kodi.

Kuikabidhi

Keti na atakayeitumia, umpe rimoti mkononi, wewe usiishike. Mwangalie anapokwama. Mama alikwama kwenye kitufe cha kuwasha: TV na sabufa, kila kimoja hutumia amri ile ile kwa kuwasha na kwa kuzima, kwa hiyo kama kimoja kimebaki kinawaka tangu jana, kitufe kimoja cha vyote viwili kinawasha hiki na kuzima kile. Nilijaribu kuvifunga pamoja, nikaacha. Sabufa sasa inawashwa kwa swichi ya ukutani, na sauti yote inapandishwa kwa TV.

Vitufe tisa vya mama ni kuwasha TV, chanzo, sauti juu, sauti chini, mishale ya juu na chini, OK, kurudi, na kusimamisha. Nilivitia nukta ya rangi ya kucha: nyekundu kwa kuwasha, nyeupe kwa OK, kijani kwa kurudi. Vingine vyote vya rimoti ile havijafundishwa kitu, na hiyo ni makusudi. Akivigusa, hakuna kinachotokea. Nilimwambia sheria moja: "Mama, ukipotea, bonyeza kijani mpaka uone picha ya mwanzo." Amepotea mara nyingi tangu siku hiyo na amerudi mwenyewe.

Nailoni mpya haimsumbui, mwanga unapita. Iliyochakaa na kujaa mafuta ya mikono ndiyo inayofifisha, kwa hiyo ibadilishwe. Jua la jioni likiingia dirishani na kupiga jicho la boksi moja kwa moja, rimoti huonekana kama imekufa. Sogeza boksi kidogo au shusha pazia kabla ya kulaumu betri.

Betri zikiisha, rimoti nyingine zinasahau kila kitu na nyingine hazisahau. Jaribu siku hiyo hiyo: toa betri, subiri dakika kumi, rudisha. Kama inasahau, badilisha betri haraka, mpya ziwe tayari mkononi. Kwa vyovyote, andika kodi ya TV na kitufe ulichotumia kwa boksi kwenye kipande cha plasta, ukibandike ndani ya kifuniko cha betri. Rimoti za zamani toa betri zisije zikavuja, zifunge pamoja kwa mpira, uziweke kabatini. Za mama ziko droo ya chini, pamoja na albamu za picha.